Uzito Alioniwekea Rotich

"Mwambie mwanamke anahitaji breki," Rotich alisema, na Muzdalifa, ambaye kazi yake ilikuwa kutafsiri kila neno, hakulitafsiri hilo.

Tulikuwa watu wanne katika chumba cha majaribio huko Huadu, pembezoni mwa mji wa Guangzhou, China, ndani ya kiwanda kilichowahi kutengeneza kufuli za mikoba kabla ya kuhamia kwenye bunduki za mazoezi. Nasema bunduki kwa heshima tu. Zilikuwa za njano kama jerikeni, hazina risasi wala pa kuitia. Zilitoa mwale wa leza na kukupiga teke, kwa bolti ya chuma iliyorudi nyuma na kugonga mbele kila ulipofyatua. Klabu yetu ya kulenga shabaha ya Nairobi ilitaka kumi. Mhandisi Liang, mama wa makamo aliyevaa kandambili kazini, alishika karatasi ya vipimo aliyotumiwa na Rotich ili kila bunduki ya mazoezi ifanane na ile halisi ya mwenyewe, na alikuwa ameuliza swali moja la kistaarabu. Mbona mwanamume wa kilo mia moja amejiwekea bolti nyepesi na springi laini, na mwanamke wa kilo hamsini na tano akawekewa bolti nzito hivi?

Mwanamke mwenyewe ni mimi.

Rotich alikuwa bingwa wetu na kocha wetu, na hakuna aliyelijua hilo kuliko yeye. Shati lake la mashindano lilikuwa na majina ya wafadhili sita, watano kati yao walishafunga biashara. Alitembea nalo hata Guangzhou, akapanda nalo metro, akashangaa kwamba hakuna abiria aliyempisha kiti. Kwa siku tano alikuwa ameudharau mji mzima. Maji ya moto ya kunywa aliyaita ya wagonjwa. Zhongda, soko ninakonunua vitambaa mara tatu kwa mwaka, alipaita gulio. Muzdalifa, Mzanzibari aliyeishi pale miaka kumi na mmoja na kufunga mizigo ya nusu ya wafanyabiashara ninaowajua, Rotich alimwuliza kama mumewe anamruhusu kusafiri na wateja. Muzdalifa alimjibu kwa adabu. Mimi nilimcheka Muzdalifa, si Rotich, na hilo bado linaniwasha.

Kwenye klabu yetu mtu hakufungua bunduki yake mwenyewe. Ilikuwa desturi, na sijui ilianzaje. Jumamosi asubuhi ulimpelekea kocha, akaingia nayo kwenye kijichumba chake chenye pazia, ukasikia vyuma vikilia, ikarudi imepakwa mafuta. Ukasema asante. Bunduki zetu za mashindano, fupi, zinazotumia risasi za bastola, humtegemea sana fundi. Bolti ikiwa nzito kuliko springi na mpigaji wanavyoweza kuibeba, hurudi mbele kwa kishindo na kuinamisha mdomo wa bunduki, na ile nukta nyekundu unayolengea huzama. Risasi ya kwanza inapiga penyewe, ya pili inaenda chini.

Ya pili yangu ilienda chini kwa miaka miwili.

"Unaogopa," Rotich aliniambia mbele ya watu. "Unafumba macho kabla ya mlio. Bunduki yako na yangu ni mapacha, uzito mmoja, springi moja. Tatizo ni wewe."

Nikaamini. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na moja, na maduka mawili, na wafanyakazi walioniogopa mimi, lakini nikaamini kwamba ninaogopa mlio. Nilijifungia chumbani nikifyatua bunduki tupu mara mia kila asubuhi mbele ya kioo, nikijikazia macho. Klabu ilipeleka mtu mmoja tu wa bunduki fupi kwenye mashindano ya bara. Mara mbili nilikosa nafasi hiyo kwa pointi chache, na mara zote mbili aliyeichukua ni Rotich. Mwaka huo nilikwisha kufikiria kuuza bunduki. Mchujo ulibakiza wiki tatu, na nilikuwa nimeapa kwamba nikishindwa tena, naachana na mchezo.

"Laoban anasubiri jibu," Muzdalifa alisema, akimwita Liang bosi kwa Kichina, kisha akanigeukia mimi. "Bi Fiona, karatasi hii niliitafsiri mwenyewe. Yako imeandikwa nzito. Yake nyepesi. Nilidhani unajua."

"Hizi ni vitu za ufundi," Rotich akasema. "Utachanganyikiwa bure."

Nilimwomba Liang anipe bisibisi. Alinipa bila kuuliza, akanionyesha skrubu mbili kwa ncha ya kidole. Nikafungua, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nikatia chuma kizito kile kile kilichoandikwa kwenye karatasi kwamba ni changu, nikafunga, nikamkabidhi kocha.

"Piga wewe."

Alicheka. Akasimama vile anavyosimama akipigwa picha, akafyatua mara kumi. Kwenye skrini ukutani mstari wa kijani ulionyesha mdomo wa bunduki ulivyokwenda. Baada ya kila mlio ulizama, ukapanda, ukazama. Ndio woga wangu ule, mikononi mwa bingwa wa kilo mia.

Nikabadilisha. Nikatia chuma chepesi na springi laini, nikapiga kumi zangu. Mstari ulitikisika kidogo na kurudi pale pale. Liang akatikisa kichwa kukubali, akaandika kitu.

"Mchina ameipanga kompyuta yake," Rotich alisema. "Mwambie sisi si wajinga."

"Hilo silitafsiri," Muzdalifa akajibu, akaanza kukusanya karatasi zake.

Nilimtazama yule mtu. Nilitarajia kukasirika. Nilichokiona ni mzee mwenye shati la wafadhili waliofilisika, aliyeogopa kushindwa na mwuza vitambaa kiasi cha kufunga pazia na kumwekea chuma. Nilijidharau zaidi mimi, kwa zile asante zote.

Nairobi nilimpelekea bunduki yangu Mutua, fundi mwenye leseni ambaye Rotich alimwita fundi baiskeli. Kwenye silaha ya kweli hupunguzi uzito kwa kukisia, maana bolti nyepesi mno hufunguka mapema na kukujeruhi. Mutua alipima kwa risasi zangu mwenyewe, siku tatu, hatua kwa hatua, nami nikiwa nimeketi kando yake nikishika vipande. Kwenye mchujo nilimshinda Rotich kwa pointi kumi na tisa.

Alikuwa wa kwanza kufika kwenye meza ya waamuzi. Alinishika bega, akawageukia watu.

"Nilijua mwaka huu atapita," akasema. "Bunduki yake niliitengeneza mwenyewe."

Watu wakampigia makofi. Wawili wakamwomba awaangalizie zao Jumamosi. Mutua, aliyekuwa nyuma yangu, alinitazama akingoja niseme kitu, na niliona jinsi ilivyomuuma. Ningembishia kama bado ningemwona mkubwa. Nilitoa bega langu chini ya mkono wa Rotich polepole, nikaenda kusaini fomu ya safari ya mashindano ya bara.