Ng'ombe wa Uzeeni

Kipkemboi alikuwa hajafika hata nusu ya ng'ombe wa Bwana, mzungu mwenye shamba, vidole vilipoanza kukakamaa. Akaachia chuchu, akaificha mikono kwapani ipate joto, huku akimtazama nyapara kwa jicho la pembeni. Ukungu wa milima ya Mau ulikuwa umeingia mpaka bandani. Masinde, nyapara, alikuwa ameinama kwenye mikebe ya maziwa na hakuona kitu. Siku akiona, kazi imekwisha.

Kila mtu katika shamba lile la karibu na Elburgon alijua yaliyompata Joash. Joash alikamua hapo tangu Bwana akiwa kijana, mpaka vidole vikagoma. Akapewa blanketi na kupakiwa kwenye lori la maziwa hadi Nakuru. Sasa anashinda karibu na stesheni, akiwaomba wasafiri wampe mizigo ambayo hawezi kuibeba. Blanketi, jamani! Maisha mazima ya mtu, halafu blanketi!

Kipkemboi naye mvi zilikuwa zimeanza kumwota kidevuni. Hakuwa na akiba posta wala benki. Mshahara uliishia duka la shamba kabla haujafika mfukoni. Uzee wake ulikuwa ukila majani nyuma ya nyumba: ng'ombe mmoja mwekundu na ndama wake jike. Mama yake huyo mwekundu ndiye peke yake aliyebaki kwenye mahari ya binti wa Kipkemboi, Cherono, baada ya homa ya kupe kumaliza wengine, na ng'ombe huyo naye alikwisha kufa. Siku ya kufukuzwa, Kipkemboi angewaswaga hao mpaka kwao, nchi ya Wakipsigis, kwa ndugu zake. Anayerudi na ng'ombe huonyeshwa mahali pa kujenga. Anayerudi na blanketi hupewa uji, kisha huulizwa ataondoka lini.

Boma hilo lilikuwa na ng'ombe wa tatu, wa kijivu, mwenye mimba. Huyo hakuwa wake. Ndung'u, jirani yake aliyekuwa akiendesha maksai, alimtia kamba mkononi siku Wakikuyu walipopakiwa kwenye malori kwa kushukiwa uasi, askari wakiwapigia kelele.

"Nishikie," Ndung'u alisema, na lori likaondoka. Baadaye zilikuja habari kwamba yuko kizuizini. Tangu hapo hakuna aliyesikia kitu.

Maziwa ya asubuhi yalipokwisha kupakiwa, Masinde akawakusanya wakamuaji.

"Bwana amesema leo ng'ombe zenu zote zije kwa josho. Kila nyumba inabaki na mbili. Ile inazidi inauzwa. Mnunuzi wa nyama amekuja na lori."

"Kwa bei gani?" mtu mmoja akauliza.

"Bei ya Bwana." Masinde akamgeukia Kipkemboi. "Wewe uko na ngapi?"

"Wapo," Kipkemboi akajibu.

Kwao ng'ombe hatajwi kwa idadi. Ukimtaja unamwitia balaa. Hata moyoni Kipkemboi hakuwa amewahi kusema "watatu". Wenzake wengine walisikia fununu mapema wakapeleka wa ziada kwa shemeji zao. Yeye alikaa na wake kwa sababu hakuwahi kuwahesabu, na sasa alikuwa akihesabiwa na wengine.

Nyumbani alimkuta mkewe, Cheptanui, ameshasikia.

"Baba Cherono, toa huyo wa Ndung'u."

"Ni wa watu."

"Watu gani? Hata hujui kama yuko hai! Na wakijua umeficha ng'ombe ya Mkikuyu, si utafungwa? Toa huyo, tubaki na wetu."

"Nimekunywa maziwa yake."

"Na mimi nimekunywa. Lakini sisi tukifukuzwa hapa, Ndung'u atatupeleka kwake? Atatujengea?" Sauti yake ilikatika. "Nimeona Joash, Baba Cherono. Nimemwona na macho yangu. Anaokota maganda ya miwa."

Kipkemboi aliogopa, na mkewe aliona. Zamani angemswaga mmoja usiku akamficha msituni, lakini msitu sasa ulijaa wanajeshi. Alichukua fimbo, akawatoa wote watatu.

Joshoni, penye birika la kuogeshea ng'ombe dawa ya kupe, kulikuwa na vumbi, mbwa na kelele. Lori la mnunuzi lilikuwa limefungua mlango wa nyuma. Bwana alikaa juu ya ua wa mbao, kiko mdomoni, akinyoosha kidole huku na huku. Masinde alimsogelea Kipkemboi, akaangalia sikio la ng'ombe wa kijivu lililochanjwa alama ya Ndung'u.

"Huyu namjua," alisema polepole. "Mpandishe kwa lori sasa hivi. Mimi sitasema alikuwa wa nani. Nakusaidia, mzee."

Kweli alikuwa akimsaidia. Kipkemboi alimtazama yule wa kijivu akitafuna bila wasiwasi, tumbo limejaa mimba. Ilitosha kumpiga fimbo moja ya mgongo tu. Ndung'u akirudi angeambiwa ni amri ya serikali, na nani angebisha? Kipkemboi aliinua fimbo, ikatua kwenye mgongo wa mwekundu wake; ndama alikuwa na miaka mingi mbele.

"Wewe una wazimu," Masinde akasema.

Lakini mwekundu hakufika kwenye lori. Bwana alishuka kutoka kwenye ua, akamzunguka, akapapasa kiwele.

"Hii nzuri. Hii hapana kwenda nyama. Baba yake nani?"

Hakuna aliyethubutu kusema kwamba ni fahali wa Bwana mwenyewe, aliyeruka ua mwaka ule wa mvua nyingi.

"Najua," Bwana akacheka. "Nusu iko yangu tangu zamani. Mimi nalipa nusu ingine. Peleka bandani."

Akalipa hiyo nusu nyingine kwa bei ya nyama, tena kwa kukata deni la dukani. Kipkemboi hakushika hata senti. Alirudi nyumbani na wa kijivu na ndama. Cheptanui aliwatazama, akaingia ndani, akafunga mlango.

Jioni, wakati wa maziwa ya pili, mwekundu alikuwa amefungwa kwenye safu ya ng'ombe wa Bwana. Kijana wa zamu alivuta, akavuta tena. Hakuna kitu. Bwana alikuja akiwa na viatu vyake vya mvua.

"Kwa nini hapana toa?"

"Hizi ng'ombe za hapa, Bwana, zinataka ndama inyonye kwanza," Masinde akasema. "Bila ndama inafunga maziwa."

"Ndama iko wapi?"

Masinde akamtupia Kipkemboi jicho, kisha akatazama chini. "Iko kwa mzee huyu."

"Lete. Ndama ikae na mama yake. Mimi nalipa."

Kijana akaweka ndoo chini, akachukua kamba, akatoka nje ya banda. Kutoka pale hadi boma la Kipkemboi hapakuwa mbali.

Ndama yule ndiye aliyebaki. Akienda huyo, uzee wake wote ni ng'ombe wa mtu mwingine na blanketi la Bwana.

"Bwana, ngoja!" Kipkemboi alisema kwa sauti iliyomshangaza hata yeye. "Hana haja ya ndama. Ananijua mimi."

"Wewe naweza?"

"Naweza."

Alikaa kwenye kigoda, akaegemeza paji la uso ubavuni mwa mwekundu. Ng'ombe akageuza shingo kumnusa. Kulikuwa na mluzi ambao Kipkemboi alimpigia tangu alipozaa mara ya kwanza, mluzi wa polepole, wa asubuhi za nyumbani, Cheptanui akiwa ameshika kibuyu. Hakuwahi kuupiga katika banda hili. Wale wa Bwana, aliwakamua kwa mikono tu.

Nje, kijana alikuwa amefika kwenye lango na kamba yake, akisubiri aitwe au aendelee. Bwana alitoa kiko mdomoni.

Kipkemboi akalowesha midomo iliyokuwa imekauka, akapiga mluzi. Mwekundu akatulia, akashusha maziwa. Vidole viliuma, lakini vilikamua mpaka ndoo ya Bwana ikajaa.

"Vizuri sana," Bwana akasema. "Hii iwe kazi yako kila siku."

Masinde akamwita kijana arudi.