Bomba la Wodi ya Watoto

Daktari alipofika kitanda cha dirishani alimwuliza mshona nguo mwanawe anaendeleaje. Mshona nguo akajibu kama alivyojibu tangu matibabu ya saratani yaanze: hajambo, tunashukuru. Mwanawe alikuwa hapo hapo, kaegemea mto, mpira wa dawa mkononi, kichwa kipara kama yai. Mtaani walimbandika jina la Chiriku, maana akianza kusema hakuwa na breki. Wodini hakuna aliyemwuliza neno. Kwa hiyo sauti yake ilihama, ikaenda kukaa kwenye bomba la sinki.

Aliyeigundua ni muuguzi, alipofungua maji anawe mikono. Maji yalitoka, sauti ikatoka nayo, ikasema ile dawa nyekundu inachoma mpaka kwenye fizi. Muuguzi akanawa, akafunga. Baadaye alimwambia mshona nguo kwamba bomba lile siku hizi linasema, asishangae akienda kusuuza kikombe.

Mshona nguo alikwenda na kikombe. Alifungua kidogo tu, kama anayechungulia chumba cha wenyewe. Sauti ya mwanawe ikateremka taratibu. Ilisema kila chakula kina ladha ya misumari. Rafiki yake wa shule alikuja mara moja, akasimama mlangoni, hakurudi tena. Yeye mwenyewe anataka kukaa darasani hata kama atatapika juu ya dawati. Kisha ikasema:

"Mama akisema hajambo, inabidi niwe sijambo. Kazi hiyo inanichosha kuliko dawa."

Kikombe kikafurika. Miezi yote hiyo mshona nguo alikuwa akimficha mwanawe machozi, kumbe naye mwana anamficha mama maumivu. Kila mmoja kajibana ili mwenziwe apumue. Aliona haya, akafunga bomba.

Asubuhi alimwomba daktari asikilize. Daktari hakuwa mtu mbaya. Alifungua bomba, akasikiliza mpaka mwisho, akakausha mikono. Akaeleza kwa upole kwamba uvimbe umepungua nusu, na hilo ndilo la kushika. Hayo mengine ni madogo, watoto husahau. Mambo ya bomba yako chini ya idara ya matengenezo.

Fundi bomba alikuja mchana. Alilifungua, akalipuliza, akasema halina kutu, ila limezeeka. Akafunga jipya linalong'aa. La zamani, likiwa bado linanong'ona, alilitia kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Mshona nguo alimwomba ampe.

"Hii mali ya hospitali, dada," alisema fundi. "Mimi natumwa tu."

Daktari alipopita tena na swali lake, mshona nguo hakulijibu.

"Mwulize mwenyewe," alisema.

Daktari akachutama, uso kwa uso na Chiriku, akamwuliza anajisikiaje. Chiriku alimtazama mama yake kwanza. Kisha akafumbua kinywa, na kwa kuwa sauti haikuwamo tena, yakatoka maji: safi, baridi, yakashuka kidevuni, yakalowesha gauni na shuka. Yalitoka kwa muda mrefu. Alikuwa na mengi.

Muuguzi alileta taulo.

"Vizuri sana," daktari alisema akiinuka. "Anakunywa maji ya kutosha."