Maji ya Kupooza

Vidole vya Kinue vilikufa ganzi mwezi wa Februari, baada ya dripu ya nne. Daktari alisema dawa ya saratani huwafanya wengi hivyo. Huenda hisia zikarudi, huenda zisirudi. Ulimi nao ukafuata, ukapoteza ladha. Kinue akashukuru, akainama kama inavyotakiwa, akapanda gari la mumewe wakarudi kijijini kwao Hoshino, na njia nzima hakuona huzuni wala hofu. Aliona mierezi tu, ikipita.

Shida ni kwamba mwanamke huyu alikuwa amepooza maji ya chai kwa miaka arobaini bila kugusa kipimajoto, na sasa kilichopooza ni vidole vyake. Chai inayokuzwa kivulini haitaki maji ya moto. Unayatoa kwenye birika, unayamimina bakulini, kutoka bakulini unayatia kikombeni, kisha kikombe unakifumbata kiganjani na kungoja. Kikikuchoma, bado. Kikitulia mkononi kama yai lililotagwa sasa hivi, unayamwagia majani, unasubiri dakika mbili, na kinachotoka ni matone machache mazito, matamu, yenye ladha ya supu ya mwani. Ukiwahi, umeharibu. Kikombe kilikaa kiganjani mwa Kinue na hakikumwambia kitu.

Kila Mei, baada ya mchumo wa kwanza wa shamba lao la chai, mnunuzi wao, Bwana Egashira, alikuja nyumbani kunywa chai mpya, na anayemimina ni mama wa nyumba. Mwaka huu angekuja Jumamosi. Kinue alitaka kujua jambo moja tu: kama bado anaweza. Kama hawezi, basi mkwewe Chinami, mke wa mwanawe, ashike nafasi yake, lakini Kinue mwenyewe aambiwe ukweli. Kwa kuwa mkono na ulimi vilikuwa vimemtupa, ilibidi awategemee watu.

Watu hawakumnyima jibu. Tangu Machi kila kikombe kilikuwa kitamu, kila kikombe kilikuwa kama zamani. Mumewe Mitsunori, ambaye maisha yake yote alionja chai ya mkewe kwa uso wa hakimu, sasa alisifu kabla hajameza. Chinami alisifu huku ameweka mikono magotini, kama mtu aliye ugenini. Hata jirani yao Mama Ushijima, ambaye hajawahi kusema neno jema juu ya chai ya mtu tangu aolewe bonde lile, alikunywa akasema hii kiboko. Mama Ushijima anaposifu, mtu mwenye akili zake angeshtuka. Kinue alichelewa kushtuka, lakini alishtuka.

Alhamisi, baada ya kifungua kinywa, akafanya jambo ambalo nyumbani halifanyiki. Wanunuzi wanapopima majani huyamwagia maji yanayotokota, kwa makusudi, ili kasoro zote zitoke hadharani. Kinue akachukua majani bora ya mwaka, akayamwagia maji yanayobubujika, akamimina, akaacha vikombe vipoe ili mvuke usimsaliti. Kisha akawaita mumewe na mkwewe.

Mitsunori akanywa. Kope moja ikamcheza.

"Tamu," akasema.

Chinami akamaliza chake chote. "Mama, hii ndiyo ya Jumamosi. Usibadilishe kitu."

Kinue akawatazama. Alingoja hasira ije, haikuja. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Maji yalikuwa yanatokota."

Chinami akainamisha kichwa. Alianza kusema kwamba walidhani, kwamba walitaka tu, akashindwa kumaliza, akaanza kulia. Kinue hakumbembeleza. Alimgeukia mumewe. Walikuwa wakiitana Baba na Mama tangu mtoto wao azaliwe.

"Baba. Tangu Machi, vikombe vibaya vilikuwa vingapi?"

Mitsunori alizungusha kikombe mezani. "Vyote."

"Vyote?"

"Kimoja kilikuwa afadhali, siku ile ya mvua. Vingine nilikuwa nasukumia na achari."

"Na ukanyamaza. Miaka arobaini hukuwahi kuninyamazia."

"Miaka yote hiyo sikuwa naogopa kukukosa," akasema Mitsunori. "Ulikuwa umerudi kutoka hospitali, umekaa pale penye birika. Nilitaka uendelee kukaa pale."

Hilo likamuuma. Lilimuuma kifuani, na si kidogo, kwa ajili ya nafasi yake, ambayo kumbe ilikwisha tangu Machi na yeye peke yake ndiye hakuwa na habari. Katikati ya maumivu hayo akashangaa, maana tangu Februari hapakuwa na kitu kilichomuuma. Alikaa nayo kidogo. Kisha akasukuma birika, bakuli na buli hadi mbele ya mkwewe.

"Jumamosi utamimina wewe. Anza sasa hivi. Baba ataonja."

Chinami akafuta uso kwa kiganja, akachota majani mapya. Alihamisha maji kutoka chombo hadi chombo, akafumbata kikombe, na Kinue aliona wazi jinsi kilivyomchoma yule binti na jinsi alivyovumilia badala ya kungoja. Alijua itakavyokuwa. Lakini kusahihisha hakukuwa kazi yake tena.

Mitsunori akaonja. Akamtazama mkewe, akamtazama mkwewe, akaweka kikombe chini.

"Chungu," akamwambia Chinami. "Umeharakisha. Rudia."

Alisema bila kupepesa macho wala kutafuta maneno laini, kama anavyosema mtu asiye na shaka kwamba kesho utakuwapo. Kinue akamwonea mkwewe wivu, wivu mkali, hadi machozi yakamtoka.