Mguu wa Kabatini

Mama Chiriku hakuwa mtu wa kudanganywa kirahisi. Ukimpelekea kitambaa ukamwambia ni pamba tupu, atakinusa, atakivuta, atakifinyangafinyanga, ndipo akujibu. Kwa hiyo mdogo wake alipokuja tena kumwambia kwamba mashine ya kuchapia mguu mpya wa Chiriku bado mbovu na kipuri kiko njiani, alimtazama tu, akaendelea na cherehani yake. Moyoni alisema: huyu ananizunguka.

Mdogo wake huyo mtaa mzima unamwita Injinia. Ndiye aliyeunda mashine inayochapa miguu ya plastiki, tena aliianzia kwa dada yake, kwenye chumba cha uani, kwa ajili ya mpwa wake. Chiriku aligongwa na gari akiwa mdogo, akakatwa mguu chini ya goti. Hospitali wakataja bei ya mguu wa bandia, mama na mtoto wakarudi nyumbani kimya. Injinia akasema, "Dada, niachie mimi." Na kweli mtoto akasimama. Siku ile Mama Chiriku alilia mpaka akaona haya mbele ya wateja. Sasa Injinia ana karakana yake na wafanyakazi, na ameingia fainali ya tuzo kubwa ya kimataifa, ya teknolojia inayosaidia watu wenye shida. Tuzo yenyewe ina jina refu hilo, Mama Chiriku hajawahi kulimaliza.

Haya, mambo mazuri. Lakini mtoto anakua jamani, na plastiki haikui! Mguu wa zamani ulikuwa umeshakuwa mfupi, Chiriku anachechemea, na pale kigutu kinapoingia pamembana hadi ngozi imechubuka. Kila jioni mama anamwosha kidonda, na kila jioni anauliza, "Kinauma?"

"Hakiumi, Mama."

"Usinifiche."

"Hakiumi, kweli vile."

Halafu mtoto huyo, aliyeitwa Chiriku kwa kupayuka kutwa kucha, anatabasamu, kisha anageukia ukutani na kunyamaza.

Machale yakamcheza mama. Akashuku kila mtu. Alimshuku mpiga picha aliyeanza kuzurura karakanani, ambaye siku moja alimuuliza eti mwanao akifurahi huwa anacheka au analia. Swali gani hilo? Alimshuku jaji wa tuzo aliyekuwa akisubiriwa kutoka ng'ambo: mtu mzima avuke nchi zote hizo kuja kutazama miguu ya watoto wa wenzake, anatafuta nini? Si ajabu anataka kuwaibia ufundi. Aliwashuku na wafanyakazi wa karakana, maana kila akitokea wanakatisha mazungumzo na kuanza kumsifia gauni.

Akaamua kuwavamia. Mchana mmoja alichukua koti la kazi la Injinia alilokuwa amelitia kiraka, akaenda bila kupiga simu. Yuko bado barabarani anaisikia mashine inanguruma. Inanguruma kabisa, ile ile mbovu! Damu ikamchemka. Ndani alimkuta mfanyakazi mmoja, ambaye alipomwona tu aliruka kusimama mbele ya kabati.

"Karibu, mama. Bosi ametoka kidogo."

"Naona mashine imepona."

"Eee, tunaijaribu tu."

"Humo kabatini mna nini?"

"Rangi, mama. Makopo ya rangi."

"Hebu sogea."

"Bosi alisema asifungue mtu..."

"Bosi wako nimemlea mgongoni mimi. Sogea!"

Akasogea. Kabatini hamkuwa na kopo hata moja. Mlikuwa na mguu wa plastiki, mpya, wa zambarau, umefungwa utepe kama zawadi. Watoto wengine wote waliomba rangi ya ngozi. Zambarau aliomba Chiriku peke yake, na walimcheka.

Injinia alipoingia alimkuta dada yake ameukumbatia.

"Mguu huu umekaa humu tangu lini?"

"Dada, keti kwanza."

"Siketi. Tangu lini?"

"Tangu mwezi uliopita." Akajifuta uso. "Jaji anakuja Alhamisi. Anataka kumwona mtoto akivalishwa mguu, akipiga hatua ya kwanza. Wengine nimeshawapa, amebaki Chiriku tu. Tukishinda, Dada, nafungua karakana kila wilaya. Hebu fikiria ni watoto wangapi watasimama! Nikasema siku chache tu, kidonda kitapona."

"Kidonda unacho wewe?"

Injinia akanyoosha mkono auchukue mguu.

"Nimekuuliza, unacho wewe? Mwanangu anachubuka, wewe umemfungia mguu wake kabatini unasubiri kamera! Huna hata haya!"

"Ukiuchukua umenimaliza, Dada."

"Basi na umalizike."

Akatoka nao kwapani, watu wa barabarani wakimkodolea macho. Nyumbani alikifunga kidonda kitambaa safi, akamvalisha mtoto. Ukamkaa sawasawa. Chiriku akatembea hadi mlangoni na kurudi, hachechemei. Mama akangoja apige kelele za furaha. Mtoto akauliza, "Mjomba amekasirika?"

"Achana na mjomba wako."

Alhamisi mama alikuwa ameapa hatatia mguu karakanani. Chiriku akambembeleza mpaka akamchosha, na zaidi ya hapo mama mwenyewe alitaka kuona watamleta mtoto wa nani, basi wakaenda. Jaji alikuwa mama wa makamo, amevaa viatu vya kawaida vyenye vumbi, ana mkalimani pembeni. Alimpa kila mtu mkono, hata mfagiaji. Mama Chiriku alimtafuta ubaya usoni asiuone, na hilo likamuudhi zaidi.

Injinia alisimama katikati ya chumba, jasho linamtoka. Hakuwa ameleta mtoto yeyote. "Samahani sana," alianza, "mtoto tuliyemtarajia, kwa kweli..."

Kabla hajamaliza, Chiriku alikuwa ameshakaa kwenye benchi, ameinua gauni, amefungua mikanda na kuuvua ule mguu nyuma ya mgongo wa mpiga picha. Akamnyooshea Injinia.

"Mjomba, nivalishe."

Injinia akapiga magoti, akamvalisha. Chiriku akasimama. Akayumba, akadaka meza. Akapiga hatua moja, nusura aanguke, wote wakashtuka. Akapiga ya pili. Akafunika mdomo kwa viganja, machozi yakamtiririka. "Nimesimama! Mama, nimesimama!"

Jaji alilia. Mkalimani alilia. Watu walipiga makofi, na kamera haikupumzika. Maneno yalimjaa Mama Chiriku mdomoni, lakini angeyasema angekuwa anamwita mwanawe mwongo mbele ya kadamnasi. Akayameza. Akapiga makofi na yeye.

Njiani kurudi akauliza, "Nani amekufundisha kulia vile?"

"Hakuna. Mjomba aliniambia nifurahi tu. Kulia nimeongeza mwenyewe."

Mama akasimama. "Alikwambia lini?"

"Zamani. Mguu mpya ulipokwisha kutengenezwa alinionyesha. Akaniuliza kama naweza kusubiri mpaka mgeni aje, ili na watoto wengine wapate. Nikamwambia naweza."

"Na kidonda?"

Chiriku akatazama chini. "Kilikuwa kinauma, Mama. Kilikuwa kinauma sana. Lakini ungejua, ungeenda kugomba."

 Mama alikuwa amemshuku jaji, mpiga picha, wafanyakazi, na ndugu yake wa damu. Mtoto anayelala naye kitanda kimoja hakumshuku hata siku moja.

"Na huu mpya," akasema taratibu, "haukubani?"

"Haunibani kabisa, Mama." Chiriku akatabasamu, tabasamu zuri, lile lile la kila jioni.

Mama akamtazama, akamtazama tena. Kisha akapiga magoti palepale kando ya barabara, watu wanapita, akaanza kufungua mikanda ajionee mwenyewe.