Masika wa Paulin

Tangu waasi walipobeba televisheni ya dukani kwa Apollinaire, Paulin fundi cherehani hakuwa na furaha. Halafu sokoni Butembo akapata kitabu cha Kifaransa, riwaya iliyotungwa kutokana na mfululizo uleule wa watu wanaoishi angani aliokuwa akiutazama pale dukani. Akawa mtu mwingine. Mchana aliwasomea wenzake katika kibanda chake cha kushonea, akiwageuzia maneno kwa Kiswahili, na jioni alirudi nyumbani akicheka peke yake.

Godelive, mkewe, hakuwa na neno na kitabu. Kifaransa hakukijua, na vita vilikuwa vimemwachia kazi tele ya kuhangaikia maharagwe ya shamba lao huko Musienene. Lakini siku moja, akimpelekea mumewe ugali, aliisikia sauti yake nyuma ya pazia. Ilikuwa sauti laini, ile aliyomtongozea nayo yeye zamani.

"Masika akamuambia, usiogope, miye sitakuacha," Paulin alikuwa akisema. "Bandugu, huyu Masika ni muke kabisa. Kama bibi yangu angekuwa na roho sawa yake, ningetafuta nini tena?"

Wanaume wakaangua kicheko. Godelive akarudi na ugali wake.

Wivu ulimpanda kichwani. Masika gani? Kwa Wanande, kabila lao, kila nyumba ina Masika wake, kwa kuwa ndilo jina la binti wa kwanza. Muuza chumvi ni Masika. Mke wa mchungaji ni Masika. Kisha akamkumbuka dada yake mwenyewe, naye Masika, mjane aliyeishi Kamango, mrefu, mwenye meno ya kupendeza, ambaye Paulin alimtupia jicho kabla ya kumposa mdogo mtu. Basi, hakutafuta tena.

Kesho yake akaja Ézéchias, dereva wa lori la Beni, na ujumbe. Masika alikuwa amekimbia mapigano ya Kamango, analala na watoto wake kanisani Beni, na anauliza kama anaweza kuja Butembo.

"Umuambie nyumba imejaa," Godelive alisema.

Ézéchias alimtazama, akaenda zake.

Alikuwa amemkomoa dada yake, na bado roho haikutulia. Mwishowe, jioni moja, akalitema donge la moyoni.

"Baba Shalom, Masika njo nani?"

Paulin alicheka mpaka machozi yakamtoka, akaleta kitabu. "Njo huyu hapa, kapiteni wa chombo. Majina ya bazungu inatushinda ulimi. Baba yake alimuzala wa kwanza, basi tukamuita Masika. Fundi wa moteri njo Kambale, juu iko kijana wa pili. Mama Shalom, uko na wivu ya mutu wa karatasi?"

Godelive hakucheka. Hata baada ya kujua, alimchukia yule mwanamke wa kitabuni kwa kuwa Paulin alimpa ile sauti laini iliyokuwa ya Godelive zamani.

"Lakini basi," Paulin akaendelea, akipangusa macho, "nasikia kule Kamango batu banakimbia kila siku. Dada yako akifika, atalala kule kwenye nashonea na batoto. Nilishatoa vitambaa mule."

Asubuhi Godelive alikimbia hadi kwenye malori. Ézéchias ndiyo kwanza alikuwa amefika kutoka Beni, anashusha madumu ya mawese.

"Ulimuambia?"

"Nilimuambia, mama. Akafunga mizigo, akarudia Kamango na batoto. Hakukasirika. Alisema Godelive hawezi kusema vile akiwa muzima, hakika iko mugonjwa. Alinituma nikuulize unaumwa nini."

Godelive aliuliza ni lori gani linaloondoka kwenda Beni, na Ézéchias akamwambia leo hakuna, barabara imefungwa na mapigano mara tu lori lake lilipopita.