Kinasa Sauti Mezani

Binti wa mpima ardhi mstaafu alikuwa akisomea shahada ya uzamivu katika isimu tumizi. Mada yake ilikuwa jinsi familia inavyochanganya lugha katika mazungumzo ya kila siku, na hakuona haja ya kwenda mbali kuitafuta. Nyumbani kwao alikuwapo mama yake, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, na shangazi yake, mtangazaji wa zamani wa redio, aliyekuja kupumzika kidogo akasahau kuondoka.

Wawili hao hawakuwa wakisemezana. Shangazi alikuwa ameisukumia cherehani koridoni, ati inamzibia upepo, na tangu hapo kila neno lilipitia kwa mzee: mwambie dada yako chai ipo, mwambie mkeo nimeiona. Hasira zikipanda, walichanganya lugha tatu katika sentensi moja. Kwa mtafiti, hiyo ilikuwa dhahabu.

Kanuni za utafiti haziruhusu kumrekodi mtu kwa siri, kwa hiyo aliwaeleza wazi, wakakubali, akakiweka kinasa sauti katikati ya meza. Taa yake nyekundu ilipowaka, shangazi aliketi wima, akakohoa kidogo, na ile sauti ya taarifa ya habari ikamrudia.

“Wifi yangu mpendwa,” alisema, “naomba unisogezee chumvi, tafadhali.”

Mama alimkodolea macho. Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu wa kushindwa mbele ya mashine, akajibu, “Bila shaka, wifi. Karibu sana.”

Mzee akapaliwa.

Msimamizi wa binti chuoni alisikiliza, akavua visikilizio na kusema hayo si mazungumzo ya nyumbani, ni matangazo. Akamshauri akiache chombo mezani mpaka wakizoee. Walichozoea ni adabu. Wakawa wanaulizana wameamkaje; shangazi akasifia mishono ya wifi yake, tena kwa Kiswahili kilichopigwa pasi. Mzee akaanza kunenepa.

Ndipo msimamizi akasafiri kwenda kwenye kongamano, akarudi na nadharia mpya. Alimweleza binti, kwa huruma, kwamba siku hizi hakuna anayezungumzia kuchanganya lugha, maana imegundulika kuwa lugha hazina mipaka, kwa hiyo hakuna cha kuchanganya. Aitupe sura ile ya mazungumzo ya mezani, na kwa kuwa muda umebana, agawe hojaji kwa wanafunzi. Mpima ardhi aliposimuliwa habari hiyo alisema aliyegundua hivyo hajawahi kukaa na mke na dada chini ya paa moja.

Binti akakiondoa kinasa sauti. Mchana uleule mama akasema, bila kumtazama mtu, “Mwambie dada yako asogeze kiti.”

Mzee aliacha chakula, akamfuata binti yake chumbani.

“Kile kidude kirudishe mezani.”

“Utafiti umekwisha, baba.”

“Wako umekwisha. Wangu unaendelea.”

Binti akakirudisha, lakini bila betri, maana alikwisha kuzitia kwenye rimoti ya televisheni. Adabu ikarudi siku hiyohiyo. Siku chache baadaye, akipita koridoni wakati mzee ametoka, alimsikia shangazi akinong’ona, “Wifi, umeona? Hicho hakiwaki.”

“Nimeona toka juzi. Nyamaza, kaka yako asijue, atakosa raha ya kula.”

Wakacheka, na wakishacheka, mazungumzo yakafumuka. Walikatana kauli, wakamaliziana sentensi, wakaruka kutoka Kiswahili hadi lugha ya nyumbani hadi ile ya ofisini, wakamsengenya mzee kwa zote tatu. Ndicho hasa binti alichokuwa akikitafuta. Alisimama pale amejiziba mdomo, asijue acheke au alie.

Alipomsimulia msimamizi, yule bwana alimsikiliza kwa makini hadi mwisho.

“Umerekodi?”

“Hapana.”

“Basi haikutokea,” alisema, na kumkumbusha kuhusu hojaji.

Alizigawa. Wanafunzi walijaza kwamba nyumbani huzungumza lugha moja tu, sanifu, na kwamba hawachanganyi kamwe. Alifaulu vizuri, na jopo la watahini lilimpongeza hasa kwa mbinu zake za utafiti.