Nyeupe Mbili, Ukuta Mmoja

Umewahi kuona mtu anamwokoa mwenzake kwa mkono wa kulia, halafu anamzamisha kwa mkono uleule? Basi kaa hapa, nikupe habari za Msasa na baba yake.

Msasa ni binti wa fundi rangi, na yeye mwenyewe ni fundi rangi. Jina hilo kalipata kazini kwa sababu ya ulimi: ukimchokoza anakukwangua mpaka unabaki laini. Baba yake wanamwita Fundi Chokaa, na kazi yake kubwa miaka yote ni nyeupe. Usicheke. Watu wanadhani nyeupe ni rangi ya wavivu, unachovya rola unapaka, umemaliza. Fundi Chokaa alikuwa anawaambia, "Nyeupe hazijuani hata kwa salamu." Kuna ya maziwa, kuna ya mfupa, kuna ya ganda la yai, kuna ya chokaa yenyewe, ile kali inayokuumiza macho saa sita mchana. Msasa alipokuwa mdogo, baba yake alikuwa anamwekea vijiti vilivyochovywa rangi juu ya ngazi ya nyumba, amwambie kipi ni kipi. Akikosea anachekwa, akipatia anabebwa mabegani.

Na watu nao neno lenyewe wanalitumia wanavyotaka. Fundi Chokaa ana moyo mweupe, mtaa mzima unasema hivyo, maana hajui kuweka kinyongo. Mjinga naye ni mweupe kichwani. Mwizi anakuibia mchana kweupe. Bibi harusi anavaa nyeupe, maiti anavikwa nyeupe. Siku Msasa alipompeleka baba yake hospitali ya macho, daktari aliwasha ubao wa herufi akauliza, "Mzee, unaona nini pale?"

"Nyeupe."

"Nyeupe tu?"

"Ya mfupa," mzee akasema, akitafuta utani.

Daktari hakucheka. Alimweleza Msasa pembeni kwamba ni presha ya macho, imekula mshipa wa ndani. Dawa ingezuia kilichobaki kisiende haraka. Kilichokwenda hakirudi.

Basi hiyo ndiyo ikawa siri ya nyumba. Fundi Chokaa alibaki anaiona dunia kama anayechungulia tundu la ufunguo, na ndani ya tundu kumejaa ukungu. Lakini kazi ndiyo ilikuwa utu wake. Mama Msasa alimwambia apumzike, akamwekea na methali, "Heri kufa macho kuliko kufa moyo." Mzee akajibu kwamba aliyeitunga methali hiyo hakuwa fundi rangi.

Msasa akaamua: baba ataendelea kupaka, na yeye atakuwa macho yake. Msimamizi akijua tu, mzee ametoka.

Kazi yenyewe ilikuwa zahanati mpya, ukumbi mrefu wenye milango kila upande. Dari lilikuwa la nyeupe ya chokaa, kuta nyeupe ya maziwa. Ndoo zote mbili nyeupe, vifuniko vyeupe, maandishi madogo kama mbegu za ufuta. Msasa alipanga: ndoo ya ukuta kulia kwa mlango, ya dari kushoto, hakuna anayegusa. Mkono wa mzee bado ulikuwa mkono. Ukimweka mbele ya ukuta, rola inapanda na kushuka kama inapumua, hakuna mstari, hakuna tone sakafuni. Vibarua walikuwa wanasimama kumwangalia. Msasa anapita nyuma yake ananong'ona, "Baba, juu ya swichi," "Baba, rudi kidogo," na midomo haionekani ikicheza.

Siku ya balaa msimamizi alimtuma Msasa mwisho wa ukumbi akapige msasa miimo ya milango. Msimamizi huyu wanamwita Spika, kwa sababu akiongea na aliye mbele yake, wa nyumba ya tatu anajibu. Msasa akaenda. Huku nyuma akaja fundi umeme na ngazi yake, ndoo zikamzuia, akazisogeza. Mtu mwenye adabu yule, alipomaliza akazirudisha. Ila akazirudisha kinyume.

Fundi Chokaa akanyoosha mkono kulia, akachovya, akaendelea na ukuta alioufikisha katikati.

Rangi ikiwa mbichi haikusaliti. Ilikauka taratibu, na ukumbi ulikuwa na giza la simenti. Jioni fundi umeme akasema ngoja ajaribu taa. Zikawaka zote kwa mpigo.

Nusu ya ukuta maziwa, nusu chokaa. Katikati mpaka umenyooka, kama mtu kapima.

"Hii nini?" Spika akauliza, na safari hii kwa sauti ndogo, ikatisha zaidi. "Ukuta umekuwa soksi za mlevi, kila mguu na yake. Nani kapaka hapa?"

Vibarua wakaangalia viatu. Fundi Chokaa alikuwa amegeuza uso kuelekea ukutani, anatafuta kosa ambalo kila mtu analiona. Mdomo ukaanza kufunguka.

"Mimi," Msasa akasema.

"Wewe si ulikuwa kwenye miimo?"

"Nilimpokea mzee rola kidogo, apumzike. Nikachanganya ndoo."

Spika akamwangalia juu hadi chini. "Mzee, na ufundi wako wote, umetuzalia mtu mweupe hivi kichwani? Dada, fundi asiyejua nyeupe na nyeupe mimi namfanyia nini? Kesho usinikanyagie hapa."

"Sawa," Msasa akasema. Akashusha pumzi. Baba amepona.

"Na huu ukuta haukubali kiraka, unarudiwa kona kwa kona. Mzee, kesho utaurudia. Peke yako, asikuharibie mtu. Wenye zahanati wanakuja kukagua."

Hapo ndipo Msasa aliposikia ubaridi wa alichokifanya. "Bosi, niache nimsaidie, hata bure."

"Ukimsaidia tutapata rangi ya tatu."

Vibarua wakacheka. Na Fundi Chokaa, mwenye moyo mweupe, alisimama pale na rola mkononi.

Njiani alimshika bintiye bega, akasema, "Ningesema."

"Ungesema tungetoka wote, baba."

"Na sasa?"

Msasa, mwenye ulimi wa kukwangua, akatoa simu.

Alimpigia fundi umeme amwombe, kesho amsogezee tu mzee ndoo. "Dada, mimi pale nimemaliza, niko kazi nyingine," akasema. "Kwani mzee ana nini?"

"Hana kitu. Mgongo tu."

Nyumbani mama aliweka chakula, kikapoa. Mahali zilipokaa ndoo hapakuaminika tena, kwa hiyo wakajaribu kila hila: kunusa, lakini rangi zote mbili za maji, harufu moja. Uzito, lakini uzito unategemea zimebaki ngapi. "Waulize vibarua," mama akasema.

"Fundi Chokaa aulize nyeupe ni ipi?" mzee akasema. "Si bora nivue shati wauone moyo."

Kulipokuwa kweupe Msasa alimpeleka kazini. Usiku alikuwa amekata uzi wa katani, akamtia baba yake mfukoni. Mzee amwombe mlinzi wa getini, waliyezoeana naye, aufunge kwenye ndoo ya ukuta, na amwambie ni alama ya mafundi. Walipofika, langoni hapakuwa na yule mlinzi wao. Alikuwa mwingine, anamjua Msasa kwa habari ya jana tu. "Wewe hapana. Mzee, pita."

Mzee akapita. Msasa akabaki ameshika vyuma vya geti. Alimwona baba yake akitembea kwa hesabu ya zamani, mabega juu, kama fundi mwenye nyumba yake, mpaka mlangoni. Pale akapotea kidogo. Akanyoosha mkono kutafuta ukuta, akauwekea kiganja chote.

Ulikuwa ukuta wa nje, vibarua walikuwa wameupaka alfajiri hiyo.

"Mzee," sauti ya Spika ikatoka ndani, na geti zima likaisikia, "rangi mbichi hiyo. Huoni?"

"Naona," Fundi Chokaa akasema. "Naona, naona."

Akaondoa mkono, mweupe hadi kwenye kifundo, akauinua mbele yake na kuanza kutafuta ndoo hewani.